Waya wa Spika wa Milioni na Laki Nne: Tunasikia kwa Masikio au kwa Macho?

Leo naomba tuache kidogo habari za nani kaachana na nani, tuongee mziki. Si wimbo wala video mpya. Naongelea waya. Najua kuna ambao mshaanza kushuka chini kwenye maoni, ila ngojeni kwanza, kuna hela ya mama wa mtu humu ndani.

Wiki chache nyuma staa mmoja wa hapa mjini, mnamjua, sina haja ya kumtaja, aliposti video ya sebule yake mpya. Makochi meupe, taa za buluu nyuma ya TV, spika mbili ndefu kama watoto wa darasa la tatu. Hadi hapo sina neno, ni jasho lake. Sasa kamera ikashuka chini, ikasimama kwenye waya. Waya mnene kama kidole gumba, umesukwa kama rasta, umenyanyuliwa na vijiti vya mbao eti usiguse vigae. Staa akasema tangu aweke huo waya anasikia vitu kwenye nyimbo zake ambavyo hata prodyuza hakujua kama vipo. Chini ya video, namba ya simu ya muuzaji.

Maoni yakafurika kama kawaida. "Tajiri tajirika." "Sisi wa sabufa ya mkopo tupite tu." Mimi nikacheka, nikapita.

Siku tatu baadaye dogo mmoja wa mtaani kwetu akagonga geti. Huyu dogo anakodisha mziki: harusi, sendofu, kipaimara, mikutano ya injili. Ana amplifaya moja nzuri, spika nne ambazo moja karatasi lake limechanika, miksa ya kizamani, na roho ya kazi. Akaniamkia, akakaa, akatoa kwenye begi kiboksi cheusi chenye kitambaa cha velveti ndani. Ule waya. Mita tatu tatu, jozi moja. "Braza, nimeupata milioni moja na laki nne, ila nina siku nne za kurudisha kama sijaridhika. Wewe si mtu wa mziki? Nisikilizie."

Nikamuuliza hela katoa wapi. Akaangalia chini. Mama yake walikuwa wamevunja kikoba mwezi ule. Mama wa watu anauza vitumbua tangu dogo yuko chekechea.

Hapo ndipo kicheko kilipokata.

Kabla sijaendelea, nikiri. Mimi mwenyewe si msafi kwenye hili. Miaka mingi iliyopita nilinunua waya wa kuunganisha deki na amplifaya, ule wa pini nyekundu na nyeupe, umepakwa dhahabu, kwa hela ambayo ingelipa ada ya muhula. Muuzaji akaniambia waya unatakiwa "uive" kwa saa 200 ndipo utaanza kutoa sauti yake halisi. Nikauivisha. Nikaanza kusikia hewa kati ya vyombo, nikasikia mpiga gitaa akivuta pumzi. Kila mgeni aliyekuja nilimkalisha kwenye kochi la katikati nikamwambia, sikia hapo, umesikia? Wote walisikia. Nani atamkatalia mwenye nyumba na soda ameshakunywa?

Siku moja natoa vumbi nyuma ya kabati, nakuta waya wangu wa dhahabu umelala kwenye kikapu cha nguo za kupiga pasi. Kumbe mke wangu alihamisha kabati wakati wa usafi wiki tatu nyuma, akarudishia waya wa zamani uliokuja na deki, ule mwembamba mweusi. Wiki tatu nzima nilikuwa nasikia pumzi ya mpiga gitaa kupitia waya wa bure. Mke wangu alicheka siku mbili. Mimi sikulala vizuri. Na kilichoniuma kuliko hela ni kwamba nilikuwa nimesikia kweli. Sikuwa nadanganya mtu.

Hili ndilo watu wengi hawalielewi kwenye huu ubishi. Anayesema anasikia tofauti si lazima awe muongo. Masikio hayafanyi kazi peke yake, ubongo unachanganya kila kitu: bei, rangi, sura ya muuzaji, hata jina la staa. Kuna jambo wataalamu wa saikolojia wa Uingereza walilitangaza mwaka 1976. Mtu anaonyeshwa video ya midomo inayotamka "ga", huku sauti iliyowekwa juu yake ni "ba". Wengi wanasikia "da". Sauti ambayo haipo popote! Ukifumba macho, "ba" inarudi. Ukifumbua, "da" hiyo hapo, hata kama umeshaambiwa mchezo wote. Sasa kama macho yanaweza kukubadilishia herufi nzima, yatashindwaje kukubadilishia "ulaini wa besi" ukiwa umetazama waya wa milioni?

Na bei nayo ina masikio yake. Mwaka 2008 watafiti wa California waliwaonjesha watu divai ileile mara mbili, mara moja wakaambiwa chupa yake ni dola 10, mara nyingine dola 90. Ya 90 ikawa tamu zaidi. Si kwa maneno tu, mashine ya kupima ubongo ilionyesha sehemu inayohusika na raha ikichangamka zaidi. Chupa ileile, jamani.

Kwa hiyo staa wetu akisema anasikia, mimi namwamini kwamba anasikia. Swali ni kama sauti imebadilika kwenye waya au kwenye kichwa chake. Na swali hilo lina jibu, halihitaji kelele. Linahitaji kuficha waya.

Wenzetu Marekani walishafika mbali kwenye hili. Mwaka 2007 mwanamazingaombwe mmoja mstaafu, mzee aliyejipatia jina kwa kuwaumbua wanaodai kukunja vijiko kwa akili na kusoma bahasha zilizofungwa, alisema dola milioni moja za taasisi yake ziko mezani kwa yeyote atakayeweza kutofautisha waya wa spika ulioitwa Anjou, uliouzwa dola 7,250 kwa jozi, na waya mwingine mzuri wa kawaida, bila kuuona. Mwandishi mmoja maarufu wa magazeti ya hi-fi akanyanyua mkono kwamba mimi nitaweza. Wapenzi wa mziki wakakaa mkao wa kula. Wenye kampuni ya waya wakajitoa, wakasema hawatautoa kwa jaribio. Kukawa na maneno mengi, huyu anamlaumu yule, barua zikapishana, na jaribio halikufanyika.

Sisemi hiyo ni ushahidi wa kitu, maana jaribio ambalo halikufanyika halina matokeo. Ila jiulize. Una bidhaa ya dola elfu saba, umepewa nafasi ya kumuaibisha mpinzani wako mkubwa mbele ya dunia nzima na kumfilisi milioni juu. Wewe ungejitoa?

Turudi sebuleni kwangu. Nilimwambia dogo, mimi sikusikilizii, utajisikilizia mwenyewe. Tukatoa spika zangu za nyumbani, tukatandaza khanga kubwa mbele ya amplifaya kwa nyuma ili mtu asione kilichochomekwa. Waya A ni wa milioni na laki nne. Waya B niliukata mwenyewe kutoka kwenye rola lililobaki fundi alipofunga umeme wa nyumba: ule wa 2.5, wa soketi, nyekundu na nyeusi, mita tatu kila upande. Binti yangu wa kidato cha pili akapewa sarafu ya mia mbili na daftari. Kichwa anachomeka A, mwenge anachomeka B, anaandika, hasemi neno, anajificha pembeni asije akasomeka usoni. Mimi pia nikatolewa nje ya chumba, maana ningekuwepo ningekohoa bila kujua. Amplifaya inazimwa kila anapobadilisha, sauti haiguswi.

Kuhusu sauti kutoguswa, hapo pana siri ya maduka mengi. Sikio la binadamu likipewa sauti mbili, moja imezidi kidogo sana, kiasi kwamba huwezi hata kusema "hii kubwa", linaipenda ile iliyozidi. Halisemi kubwa, linasema "ina uhai", "ina nafasi". Kwa hiyo muuzaji akikuonyeshea tofauti ya waya huku mkono wake uko kwenye kitufe, ondoka. Wanaofanya majaribio kwa umakini wanahakikisha sauti mbili zinalingana hadi moja ya kumi ya desibeli, ndipo waanze kuhesabu.

Dogo akachagua nyimbo mwenyewe, anazozijua kama mfuko wake. Tukaanza na raundi moja ya kuonyeshwa, anajua kipi ni kipi. Akasema tofauti ni mchana na usiku. A ina besi kavu, B ina matope. Sawa. Sasa tufiche.

Mara kumi. Akapata sita.

Akaruka kwenye kochi! "Umeona braza? Sita kwa nne!" Nikamwambia kaa, sarafu nayo ingeweza. Ukirusha sarafu mara kumi, kupata sita au zaidi kunatokea karibu mara nne katika kila kumi. Ukitaka nikubali kwamba masikio yako yameshika kitu, nipe tisa, maana kupata tisa au zaidi kwa kubahatisha ni kama mara moja tu katika mia. Hakupenda. Tukanywa chai na vitumbua vya mama yake, tukarudia.

Mara kumi tena. Akapata nne.

Jumla kumi kwa ishirini. Binti yangu aliposoma daftari, dogo hakusema kitu kwa muda, kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Sasa yale matope niliyoyasikia mwanzo yalikuwa ya nani?"

Yalikuwa yako, dogo. Na mimi nilikuwa nayo yangu.

Najua hapa wajuzi washaanza kuchapa maoni. Jaribio la sebuleni si la maabara, kuchomoa na kuchomeka kunachukua dakika nzima, na kumbukumbu ya sauti ni fupi. Kweli kabisa. Ndiyo maana wapenzi wa hi-fi wa Michigan walitengeneza kiboksi cha kubadilisha waya papo hapo kwa kubonyeza, na mtihani wenyewe tukauzoea kwa jina la ABX. Ila kumbukeni, huyu aliyedai tofauti ni mchana na usiku ni yeye. Mchana na usiku hausahau kwa dakika moja.

Hesabu nayo inasema hivyohivyo, na hesabu haina staa. Waya wa shaba wa 2.5 una ukinzani wa karibu omu 0.007 kwa mita. Spika iko mita tatu, umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo mita sita, jumla omu 0.04. Spika yenyewe ni omu 8. Sauti unayopoteza hapo ni kama desibeli 0.05, wakati sikio la kawaida linahitaji karibu desibeli 1 ili ligundue mabadiliko, na lenye mazoezi makali chini kidogo ya hapo. Huo waya wa kusukwa hata ungekuwa na ukinzani sifuri, ungekuokolea hiyo 0.05. Ndiyo umeilipia milioni na laki nne.

Na mishale? Waya wa dogo ulikuwa na mshale mdogo wa dhahabu kuonyesha upande wa mziki kwenda. Umeme wa mziki kwenye waya wa spika hauendi upande mmoja kama maji ya bomba, unakwenda na kurudi, maelfu ya mara kwa sekunde kwenye sauti za juu. Mshale unamwelekeza nani? (Kwenye waya fulani za ishara zenye kinga, mshale una maana, unaonyesha upande ambao kinga imeungwa. Kwenye spika ni urembo.)

Sasa msiniwekee maneno mdomoni kwamba nimesema waya zote ni sawa. Sijasema, na hapa ndipo jamaa wa upande wangu nao wanakosea, wanasema "waya ni waya" halafu wanaenda kufunga mziki wa ukumbi kwa kamba ya viatu.

Nikamwambia dogo, lete ule waya unaotumia kwenye harusi. Akaleta. Mita thelathini, mwembamba, unang'aa kwenye plastiki ya kuonyesha ndani, unaonekana shaba tupu. Nikachukua wembe nikakwangua nyuzi mbili tatu. Chini yake nyeupe. Alumini iliyopakwa shaba kwa juu, kama bangili za mtaani. Alumini ya namna hiyo inapitisha umeme karibu theluthi mbili tu ya shaba, na aliyemuuzia hakumwambia.

Tukaufunga hivyohivyo na rola lake, mita thelathini zote, tukaupambanisha na ule wa 2.5 wa mita tatu. Khanga ileile, sarafu ileile. Dogo akapata kumi kwa kumi. Kufikia ya tatu mke wangu alikuwa anapiga kelele kutoka jikoni, "Huo ndio mbaya!" bila kuulizwa.

Hiyo sasa ndiyo tofauti ya waya, na haina ushirikina wowote. Chukua waya wa 0.5, hata ungekuwa shaba halisi, mita thelathini kwenda na thelathini kurudi. Ukinzani wake unafika omu 2. Spika nyingi za ukumbini ukiziunganisha mbili kwa pamoja unabaki na omu 4. Maana yake theluthi ya msukumo wa umeme inabaki njiani, na spika inapata chini ya nusu ya nguvu ambayo amplifaya ingeipa bila huo waya. Weka 2.5 ya shaba kwenye umbali huohuo, spika inapata asilimia themanini na kitu. Halafu kuna jambo jingine: spika inayoandikwa omu 8 haikai kwenye 8, inapanda na kushuka kulingana na noti inayopigwa. Kwa hiyo waya mwembamba haupunguzi sauti zote sawasawa, unakula hapa zaidi kuliko pale, na uso wa mziki unabadilika. Hilo utalisikia. Fundi umeme yeyote angekwambia bure kwamba umbali ukiongezeka, unene uongezeke.

Kuna waya zingine nazo ambazo nisingethubutu kubeza. Gitaa la umeme likiwa na waya mrefu sana, sauti za juu zinazimika, hiyo inapimika na wapiga gitaa wanaijua. Waya wa maiki mrefu usio wa pini tatu utakuokotea kila uchafu wa ukumbini, mpaka ile trrr-ti-ti-ti ya simu ya mshereheshaji kabla haijaita. Na ule muungurumo mzito unaosikika mkiunganisha miksa kwenye soketi moja na amplifaya kwenye soketi nyingine, ule ni umeme wa Hezi 50 unazunguka kupitia ethi mbili.

Na kwa kuwa nimetaja ethi, naomba nitoke kwenye mada kidogo, na hili si utani. Kuna mafundi wanamaliza huo muungurumo kwa kukata pini ya ethi kwenye plagi. Unakwisha, ni kweli, na mteja anafurahi. Mwaka 1972 mpiga gitaa wa bendi moja ya Scotland alishika maiki jukwaani, mjini Swansea, Wales. Vyombo havikuwa na ethi ya kueleweka. Alikufa palepale mbele ya watu. Kwenye sherehe zetu za chini ya turubai, mvua imenyesha, nyasi zimelowa, bibi harusi anapewa maiki atoe shukrani... Ukitaka kutumia hela kwenye waya, tumia hapo. Unganisha vyombo vyote kwenye sehemu moja yenye ethi ya kweli, na umwite fundi aipime.

Lakini hakuna staa atakayeposti picha ya ethi, si ndiyo?

Mimi sina ugomvi na mwenye hela zake. Kama una sebule ya milioni mia mbili, waya wa milioni moja ni kama ua kwenye meza, weka. Kuna watu wanavaa saa ya milioni kumi na wakati wanautazama kwenye simu. Raha ya kumiliki kitu kizuri ni raha halali. Ninapopandwa na hasira ni pale ua linapouzwa kama dawa. Staa hakusema "nimeupenda, ni mzuri kuangalia". Alisema unabadilisha sauti, akaweka namba ya muuzaji, akijua wanaomfuata wengi hawana sebule, wana ndoto. Halafu kuna prodyuza mmoja, yeye naye simtaji, akaja kwenye maoni kuweka moto na "facts". Braza, wewe studio yako nimeshafika. Spika zako umezifunga na waya wa ekstensheni nyeupe, na nyimbo zako zinapigwa kila redio. Uliona haya kusema?

Tena hiyo sebule ya staa yenyewe. Vigae sakafu nzima, dari ya jipsamu, ukuta mmoja wote kioo, hakuna pazia zito, hakuna zulia. Piga kofi moja mle, linarudi mara tano. Sauti inatoka kwenye spika, inagonga kioo, inagonga kigae, inakufikia imechelewa na imechafuka. Pazia la kitenge kizito na zulia la kawaida vingemfanyia kazi kuliko waya wowote duniani, na kusogeza hizo spika nusu mita kutoka ukutani kungembadilishia besi mpaka ashangae. Hili halihitaji imani wala sarafu. Sogeza kochi lako leo usiku, ukae karibu na kona, halafu ukae katikati ya chumba, wimbo uleule. Ukishindwa kusikia tofauti, rudi hapa unitukane.

Kuna hoja moja huwa inanipa taabu, niiseme kwa haki. Rafiki yangu mmoja, mtu wa makamo, mstaarabu, ana mtambo wa sahani za santuri, kila mwisho wa mwezi anabadilisha kawaya fulani. Aliniambia: "Wewe umenithibitishia kwamba raha yangu iko kichwani. Sawa. Raha yako wewe iko wapi, mguuni?" Sikuwa na jibu la haraka. Mtu aliyetulia kwenye kochi lake usiku, anasikiliza kwa makini kwa sababu tu kaweka kitu kipya, ameupa mziki saa mbili za maisha yake ambazo wengi wetu hatuupi. Siwezi kumnyang'anya hilo. Ila yeye hajawahi kumwambia mtoto wa muuza vitumbua kwamba bila huo waya biashara yake haitasimama. Hapo ndipo yeye na staa wanapoachana njia.

Dogo alirudisha waya siku ya nne. Muuzaji akatafuta mkwaruzo kwenye boksi, akaupata, akakata laki mbili "za usumbufu". Dogo akaja amekunja uso, nikamwambia hiyo laki mbili ni ada ya shule, mimi nililipa zaidi. Akanunua rola la 2.5 la shaba, safari hii alienda dukani na wembe mfukoni, muuzaji wa Kariakoo akamwangalia kama mwizi. Spika iliyochanika ikapelekwa kwa fundi ikavishwa karatasi jipya. Hela iliyobaki ikarudi kwa mama, na mama, kwa jinsi ninavyomfahamu, kaifunga kwenye khanga ambayo hakuna staa atakayeifikia.

Jumamosi iliyopita alipiga mziki kwenye sendofu moja maeneo ya kwetu. Nilikaa meza ya nyuma kabisa, karibu na wapishi. Maneno ya mshereheshaji niliyasikia yote, hata yale ambayo ingefaa yasisikike.

Staa wetu kama anasoma, na najua watu wake wanasoma huku, milango iko wazi. Aje na waya wake, aje na nyimbo zake mwenyewe, na kiboksi cha velveti. Mara ishirini. Akipata kumi na nane naandika makala nyingine hapahapa ya kumwomba radhi kwa jina langu kamili, na waya namnunulia wa pili. Khanga ninayo, sarafu ninayo, na binti yuko likizo mpaka mwezi ujao.